Kwa nini toleo jipya la Python huzikwamisha programu za zamani

Kila mwaka ifikapo Oktoba, lugha ya kompyuta ya Python hupata toleo jipya. Kwa watumiaji wengi siku hiyo hupita kimya. Kwa wanaotunza vifurushi vya programu, ndio mwanzo wa msimu wa kutafuta kilichoharibika. Mfano ulio wazi ni toleo la 3.12, lililotolewa tarehe 2 Oktoba 2023.

Python ilibuniwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa umma mwaka 1991. Leo hutumika katika utafiti wa kisayansi, huduma za fedha, tovuti na akili mnemba.

Kilichoondolewa

Tangu mwaka 2000, Python ilikuwa na zana yake ya ndani iitwayo distutils. Kazi yake ilikuwa kuugeuza msimbo ulioandikwa na mtaalamu uwe kifurushi kinachoweza kusakinishwa kwenye kompyuta. Zana mpya zaidi zilipochukua nafasi yake, toleo la 3.10 la Oktoba 2021 lilianza kutoa onyo kwamba distutils ingeondolewa. Miaka miwili baadaye, toleo la 3.12 likaiondoa.

Vifurushi vilivyoitegemea moja kwa moja vilishindwa kuundwa. Kompyuta iliitafuta zana hiyo, isiione, na kazi ikasimama papo hapo. Msimbo wa vifurushi hivyo haukuwa umebadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni msingi uliovibeba.

Sababu nyingine huhusu vifurushi vyenye sehemu zilizoandikwa kwa lugha ya C. Baadhi yake hugusa maumbo ya ndani ya Python, ambayo wasanidi wake wana uhuru wa kuyabadilisha kati ya toleo moja na jingine.

Nani huathirika

NumPy, maktaba ya hesabu inayotegemewa na programu nyingi za kisayansi, ililazimika kubadili mfumo wake wa kuunda vifurushi. Toleo lake la 1.26, la Septemba 2023, lilihamia zana iitwayo Meson. Aliyejaribu kuunda NumPy ya zamani kwa Python 3.12 alikwama, na kila programu iliyoihitaji NumPy hiyo ikakwama pamoja naye.

Miradi inayosambaza mfumo wa Linux, kama Fedora na Debian, huunda upya maelfu ya vifurushi ili kubaini kasoro mapema. Kila kinaposhindwa kimoja, mtunzaji wake huarifiwa. Mara nyingi mtunzaji huyo ni mtu anayejitolea, asiyelipwa kwa kazi hiyo. Kifurushi kikikosa wa kukirekebisha, hatimaye huondolewa kwenye orodha, na waliokitegemea hulazimika kutafuta njia nyingine.

Hali hiyo ilijirudia Oktoba 2024, toleo la 3.13 lilipoondoa moduli 19 za zamani, ikiwemo cgi iliyotumiwa na tovuti za miaka iliyopita.

Muda wa kujiandaa

Mtumiaji halazimiki kuhama siku ileile. Kila toleo hupata marekebisho ya usalama kwa takriban miaka mitano, na matoleo mawili yanaweza kukaa katika kompyuta moja. Hata hivyo, muda huo una mwisho: toleo la 3.8 lilifikia ukomo wake Oktoba 2024. Anayebaki nalo huendelea kutumia programu zake kama kawaida, lakini dosari mpya ya usalama ikigunduliwa, haitarekebishwa tena na watunzaji wa Python.