Dawa ya jino ni kung'oa? Ngojeni kwanza



Kule kwetu mtu akilalamika jino, kabla hajamaliza kusema ashapewa hukumu: dawa ya jino ni kung'oa. Msemo huu twautumia hata kwa mpangaji mkorofi na mchumba asiyeeleweka. Kwa mpangaji huenda ni sawa. Kwa jino lenyewe ni kweli nusu tu, na ile nusu nyingine imetuachia mapengo mengi.

Mimi naishi Ruiru kwa sababu za kazi, zaidi ya miaka kumi sasa. Mwezi wa Shaaban uliopita binti ya ndugu yangu, anayesoma chuo Thika, alinipigia simu saa nane za usiku. "Ami, sijalala siku tatu. Gego laniua. Baba asema ning'oe asubuhi, pesa iliyobaki ni ya kodi ya chumba. Nifanyeje?"

Mimi si daktari, diploma yangu ni ya uhasibu. Lakini swali lake nililijua, kwa kuwa miaka ya nyuma nililijibu vibaya kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimeandika haya kwa ajili ya vijana wetu wanaosoma na kufanya kazi huku Thika na Ruiru, mbali na mama zao, na kwa wazazi walioko Pwani wanaoamua kwa simu.

Jino langu la Thika

Mwaka 2016 gego langu la chini upande wa kushoto lilianza kuniuma kila nikinywa chai. Nikaenda kliniki moja Thika mjini. Daktari akapiga eksirei, akaniambia linaweza kuokolewa kwa matibabu ya mzizi, yale ambayo wengi huyaita ruti kanali, na kwamba ningehitaji kwenda mara tatu. Siku ya kwanza alitoboa, akasafisha, akatia dawa na kuziba kwa muda. Maumivu yakaisha. Nami nikajiona nimepona, pesa zilizobaki nikazielekeza kwingine.

Miezi minane baadaye nilikuwa natafuna mahindi ya kuchoma kando ya barabara Ruiru, nikasikia kitu kimevunjika. Gego lilikuwa limepasuka katikati mpaka chini ya ufizi. Hapo hapakuwa na la kuchagua, liling'olewa. Nililipa mara mbili na nikabaki na pengo. Daktari hakukosea. Ni mimi niliyeikimbia kazi katikati.

Kinachouma ni nini?

Ndani ya jino, chini ya gamba gumu, kuna kiini: nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, inayoshuka mpaka kwenye mizizi kupitia vijifereji vyembamba. Jino la mbele kwa kawaida lina kijifereji kimoja. Gego la chini mara nyingi lina mizizi miwili na vijifereji vitatu, na la juu lina mizizi mitatu na vijifereji vitatu au vinne. Ndiyo maana kutibu gego huchukua muda na bei yake huwa juu.

Jino likishtuka kwa maji baridi kisha likatulia mara moja, huenda tundu bado ni dogo na kuziba kwa kawaida kunatosha. Maumivu yakidumu dakika nyingi baada ya chai ya moto, au yakikuamsha usingizini bila sababu, kiini kimeshaharibika kiasi kwamba hakitajirudia chenyewe. Na jino lililokuwa likiuma sana likanyamaza ghafla, usishangilie. Mara nyingi kiini kimekufa. Vijidudu vinaendelea kimya kimya, na baada ya wiki au miezi hutokea kijipu kwenye ufizi au shavu kuvimba.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokimbilia duka la dawa kununua vidonge vya kuua vijidudu. Vidonge hivyo husafiri kwa damu, na jino lililokufa kiini halina damu ndani. Vinaweza kutuliza uvimbe kwa muda, lakini chanzo kinabaki palepale. Jino bovu la namna hii lina njia mbili tu: lisafishwe ndani, au litolewe.

Kutibu mzizi maana yake nini

Daktari hukupiga sindano ya ganzi, hutoboa jino kutoka juu, hukitoa kiini chote, kisha huvisafisha vijifereji kwa visindano vyembamba na dawa ya kuua vijidudu. Kazi ikifanywa vizuri, jino hufunikwa kwa kipande cha mpira ili mate yasiingie na dawa isikumwagikie kooni. Mwisho vijifereji hujazwa kwa utomvu mgumu uitwao guta-pacha, na tundu la juu huzibwa. Huweza kumalizika siku moja au kuhitaji safari mbili tatu.

Watu huogopa maumivu yake. Ganzi ikishika, hisia yake ni kama ya kuziba jino kwa kawaida, tena kinywa huchoka zaidi kuliko kuuma. Siku chache za baadaye jino huweza kuwa na kidonda cha kugusa, kisha hutulia.

Jambo ambalo mimi sikulijua ni hili: gego lililotobolewa huwa dhaifu, na mara nyingi huhitaji kuvishwa kofia ili lisipasuke. Kofia ni sehemu ya hesabu tangu siku ya kwanza. Likikamilishwa hivyo, jino hukaa. Karibu tisa katika kila kumi yanayotibiwa huwa bado yako mdomoni miaka kadhaa baadaye. Siyo yote, na daktari anayekuahidi mia kwa mia muulize tena.

Kung'oa nako kuna bei yake

Kung'oa ni kwa haraka na kwa bei nafuu, nako hufanywa kwa ganzi. Unauma pamba kwa takriban nusu saa, na siku nzima ya kwanza husukutui wala huvuti sigara, na muguka uweke kando, ili damu iliyoganda shimoni isitoke. Ikitoka, siku ya pili mpaka ya nne huja maumivu makali kuliko ya jino lenyewe, nawe urudi kwa daktari.

Hayo hupita. Pengo halipiti. Mfupa wa mahali pale hupungua, zaidi katika mwaka wa kwanza. Meno ya jirani huanza kulalia pengoni, na la upande wa pili hurefuka kwa kukosa mwenzake. Kutafuna huhamia upande mmoja. Wazee walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na hata leo za kuziba pengo zipo lakini kila moja ina lake: meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, daraja linalohitaji kuchongwa kwa meno mawili mazima ya jirani, au jino la kupandikizwa kwa skrubu mfupani, ambalo ndilo ghali zaidi.

Wakati wa kung'oa bila majuto

Nisieleweke vibaya. Kuna jino ambalo kulishikilia ni kupoteza pesa. Lililopasuka mpaka chini ya ufizi kama langu. Lililooza mpaka hapana kuta za kushikilia kofia. Linalotikisika kwa sababu mfupa umeliwa na ugonjwa wa fizi. Gego la mwisho lililoota kwa upande na kusumbua, ambalo hata halitafuni. Na hata jino linalookoka, kama hakika hutaweza kumaliza matibabu, kung'oa ni bora kuliko kuanza na kuacha. Matibabu ya nusu ndiyo mabaya kuliko yote mawili.

Hesabu ya Thika na Ruiru

Kwa gego la binti yetu tuliuliza kliniki mbili. Kung'oa ilikuwa shilingi 2,000 kwa moja na 2,500 kwa nyingine. Kutibu mzizi 15,000 na 18,000, na kofia si chini ya 20,000. Kwako bei zaweza kutofautiana, kwa hivyo uliza sehemu zaidi ya moja. Hospitali za serikali kama Thika Level 5 zinafaa kuulizwa kwanza. Mwenye nafasi anaweza kushuka Nairobi kwenye hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako wanafunzi wa udaktari hutibu chini ya usimamizi wa walimu wao. Kama una bima ya SHA au ya kazini, pata jibu la malipo kabla ya kuketi kitini.

Na hakikisha aliyeshika koleo ni daktari kweli. Baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, lina orodha ya waliosajiliwa na kupewa leseni, na mtu anaweza kuitafuta mtandaoni kwa simu yake.

Maswali ya kumuuliza daktari

1. Nionyeshe eksirei. Mzizi na mfupa vikoje?
2. Baada ya kusafishwa, je, jino litabaki na kuta za kutosha kushika kofia?
3. Jumla ni kiasi gani, pamoja na kofia, na naweza kulipa kidogo kidogo?
4. Ni safari ngapi, na baada ya muda gani?
5. Nikiling'oa, pengo nitaliziba kwa nini na kwa pesa ngapi?

Mweleze pia maradhi yako bila kuficha: kisukari, presha, moyo, dawa za kuzuia damu kuganda, dawa za mifupa, au mimba. Mengine hubadilisha uamuzi wenyewe.

Kuhusu saumu, Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997 ilihesabu kutoboa jino, kung'oa gego na kusafisha meno miongoni mwa yasiyofunguza, maadamu mtu hamezi kinachofika kooni. Mwenye wasiwasi amuulize sheikh wake, lakini asikae na usaha mwezi mzima kwa kudhani hana ruhusa.

Na jambo moja halingoji swali lolote. Uvimbe ukishuka shingoni au chini ya ulimi, ukashindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri, au ukipata homa kali, nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Usaha wa jino huweza kuziba njia ya pumzi, na watu wamekufa kwa hilo.

Tulivyoamua

Asubuhi ile nilipanda matatu mpaka Thika. Eksirei ilionyesha kiini kimeharibika, lakini mizizi ilikuwa mizima na kuta tatu za jino zimesimama. Lilikuwa gego la kwanza la chini, lile linaloota mtoto akiwa na miaka sita hivi, na mwenyewe ana miaka ishirini na moja. Nikampigia ndugu yangu Malindi.

"Elfu thelathini na tano kwa jino moja?" akaniuliza. "Si yuko na mengine?"

Nikamwambia yuko na mengine, lakini hilo ndilo analotafunia, na ana miaka arubaini au hamsini, inshallah, ya kulihitaji. Nikamkumbusha mahindi yangu ya Ruiru. Akanyamaza, kisha akasema atatuma nusu na mimi nitie nusu. Daktari alikubali tulipe kwa awamu, mzizi kwanza na kofia baada ya miezi miwili.

Sharti nililompa binti lilikuwa moja: tarehe ya kofia isipite hata maumivu yakiisha siku ya kwanza. Yaliisha siku ya kwanza, kama yangu. Alirudi. Kofia ilivaliwa baada ya Idi, na alhamdulillahi mpaka leo analala.

Kwa hivyo anayekuambia dawa ya jino ni kung'oa, muulize kwanza ni jino gani, lina kuta ngapi, na pengo lake utalifanyaje. Akishindwa kujibu, nenda kwa mwenye eksirei.