Sauti Zikija, Unafanyaje? Swali Ambalo Sayansi Ilichelewa Kuliuliza

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, au aamini kabisa kwamba majirani wanamfuatilia. Tukisikia hivyo, wengi wetu tunauliza kwanza: atapewa dawa gani? Ni swali zuri. Lakini lipo jingine ambalo kwa karibu miaka 80 watafiti hawakulitilia maanani: yeye mwenyewe, hali ikimjia, huwa anafanyaje?

Tuanzie Ujerumani. Mwaka 1899 daktari Emil Kraepelin aliutenga ugonjwa huu na mengine akauita dementia praecox, yaani akili kuchakaa mapema. Jina lenyewe lilikuwa hukumu. Mwaka 1908 Eugen Bleuler wa Zurich akaleta jina skizofrenia, kutoka maneno ya Kigiriki ya "kupasua" na "akili". (Hapana, haina maana ya mtu mmoja mwenye nafsi mbili. Hayo ni ya kwenye filamu.) Bleuler alikuwa na matumaini zaidi, ila bado mgonjwa alionekana kama mtu wa kutazamwa, si mtu wa kuulizwa.

Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker walionyesha kwamba klopromazini inatuliza dalili. Miaka iliyofuata, watu waliokuwa wamekaa wodini muda mrefu wakaanza kurudi makwao. Hapo likazuka fumbo: kwa nini wengine walikaa vizuri na wengine wakarudi hospitali?

Huko London, George Brown na wenzake waliwafuatilia wanaume walioruhusiwa kutoka hospitali. Mwaka 1958 walitoa jibu ambalo halikutarajiwa: waliorudi kwa wazazi au wake zao walizidiwa tena mara nyingi kuliko waliokwenda kukaa kwa ndugu zao au kwenye chumba cha kupanga. Sasa, usikimbilie kuwalaumu wazazi. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba shida haikuwa undugu, bali hali ya hewa ndani ya nyumba: lawama za kila siku, chuki, au kumhangaikia mtu mpaka anakosa pumzi. Mwaka 1968 Brown na Jim Birley wakaongeza kwamba misukosuko ya maisha ilikuwa mingi zaidi katika wiki tatu kabla ya ugonjwa kuibuka upya.

Mwaka 1977 Joseph Zubin na Bonnie Spring, Marekani, waliyaunganisha haya. Kila mtu ana kiwango chake cha wepesi wa kuugua, walisema, na msongo ndio unaomvusha mpaka. Fikiria ngalawa na jahazi: wimbi ni lile lile, ila moja linayumba na jingine linapita tu. Kama ni hivyo, basi kujifunza kukabili mawimbi si jambo la pembeni. Ni sehemu ya tiba.

Ndipo swali letu likaulizwa. Mwaka 1981 Ian Falloon na Ralph Talbot walichapisha mahojiano yao na watu 40 waliokuwa wakisikia sauti mara kwa mara. Kumbe watu hawa hawakuwa wamekaa tu! Kuna waliotoka kutembea, waliolala, waliotafuta watu wa kuongea nao, waliosikiliza muziki, na walioamua kuzipuuza sauti. Kila mmoja alikuwa amejitafutia njia zake.

Wengine husema kuongea au kuimba kwa sauti ya chini huwasaidia. Kwa nini? Mwaka 1993 Philip McGuire na wenzake, London, walipima ubongo wa watu wakati sauti zikiwajia, wakaona damu ikiongezeka katika eneo la Broca, ambalo hutusaidia kutamka maneno. Hii inalingana na wazo kwamba sauti hizo ni maneno ya ndani ya mtu mwenyewe ambayo ubongo umeshindwa kuyatambua kuwa ni yake. Huenda ukiimba, unaitumia mitambo ile ile kwa kazi nyingine. Mjadala bado haujaisha.

Nicholas Tarrier, Uingereza, naye aliwahoji wagonjwa, na mwaka 1987 akaripoti kwamba waliofanikiwa zaidi walikuwa na mbinu zaidi ya moja. Akajenga tiba juu ya hapo: mtaalamu anaanza na mbinu ulizonazo, mnazinoa pamoja, kisha mnaongeza nyingine.

Mwaka huo huo, Uholanzi, daktari Marius Romme alitokea kwenye televisheni pamoja na mgonjwa wake Patsy Hage, wakawaomba wanaosikia sauti wawasiliane nao. Watu wapatao 450 wanaosikia sauti walijibu, na kama 150 walisema wanazimudu. Si wote walikuwa na skizofrenia, lakini sasa wale wanaozimudu waliweza kuwafundisha wasiozimudu.

Na kwetu? Mtafiti Mmarekani Juli McGruder aliishi na kufanya utafiti miongoni mwa familia za Zanzibar. Alikuta nyumba ambamo ugonjwa ulihesabiwa kuwa mtihani wa Mungu au kazi ya mashetani. Mgonjwa hakusutwa, na akipata nafuu aliendelea na shughuli za nyumbani bila kusimangwa kwa ya jana. Ni ule ule utulivu wa nyumba ambao Brown aliuona una maana. Tusipambe, lakini: Afrika Mashariki hii hii wapo wagonjwa wanaofungwa minyororo.

Dawa bado ni nguzo, na hakuna mbinu hapa inayompa mtu ruhusa ya kuziacha bila daktari wake. Lakini mgonjwa anaweza kukaa na daktari dakika chache kwa mwezi. Saa nyingine zote anazo yeye na watu wa nyumbani kwake. Kama kwenu yupo mtu mwenye skizofrenia, subiri siku ametulia, kaa naye, umuulize: zikija, unafanyaje, na sisi tukusaidie vipi? Kisha msikilize mpaka amalize.