Bei ya bastola ya Verlaine

Tarehe 30 Novemba 2016, mjini Paris, bastola moja kuukuu iliuzwa katika mnada kwa euro 434,500. Wajuzi walikuwa wamekadiria euro 50,000 au 60,000. Na siku iliponunuliwa mpya dukani Bruxelles, asubuhi ya tarehe 10 Julai 1873, ilitolewa kwa faranga 23 tu. Wasomaji wetu watauliza: chuma ni kilekile, basi bei imepandaje hivyo?

Mnunuzi wa kwanza alikuwa Paul Verlaine, mtunga mashairi Mfaransa, mwenye miaka 29. Alikuwa amemwacha mke na mtoto ili afuatane na Arthur Rimbaud, mtunga mashairi kama yeye, kijana wa miaka 18. Rimbaud akataka kurudi Paris. Mchana ule, katika chumba cha hoteli, Verlaine, naye amelewa, akampiga risasi mbili. Moja ikamwingia katika kifundo cha mkono wa kushoto, ya pili ikamkosa. Jioni, walipokuwa wakienda kwenye gari la moshi, kijana akaogopa kupigwa tena, akamwita polisi. Tribinali ikamhukumu Verlaine kifungo cha miaka 2. Ya kwamba gerezani Mons alirudi katika dini ya utoto wake, hayo yamekwisha kuandikwa sana, tuyaache.

Tuishike sasa bastola yenyewe. Ni ya namna ya Lefaucheux, ya milimeta 7, ya risasi sita. Kila risasi yake ina kijisumari kinachotokeza ubavuni. Nyundo ikikigonga, baruti inawaka. Fundi akiletewa silaha ya namna hiyo, kwanza huhakikisha kwamba haina risasi ndani. Halafu huvuta nyundo polepole: je, silinda inazunguka na kusimama imara, tundu likielekeana na mtutu, ama inacheza kama jino bovu? Huchungulia ndani ya mtutu aone kama umeliwa na kutu. Hutazama skrubu, maana zilizochubuka vichwa zaonyesha kwamba mtu asiyejua kazi alikwisha kuifungua. Na ole wake mwenye mali aliyeisugua kwa msasa ili ing'ae! Amefuta rangi ya zamani pamoja na chapa, amejiharibia bei kwa mikono yake mwenyewe.

Chapa zina maana kubwa. Mji wa Liège, katika Ubelgiji, ulitengeneza silaha nyingi sana za namna hii. Kwa amri ya Napoleon ya mwaka 1810 kila silaha ilipaswa kujaribiwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida. Isipopasuka, ilipigwa chapa. Chapa hiyo ni herufi ELG ndani ya mviringo kama yai, na mwaka 1893 iliongezewa taji juu. Basi mtu akikuletea bastola ya Liège yenye taji, akasema ndiyo ya Verlaine ya mwaka 1873, una haki ya kumwuliza maswali mengi.

Lakini chapa haisemi ni mkono gani ulioishika. Hapo ndipo kazi ya fundi inapokwisha na ya mwanahistoria inapoanza: kitabu cha muuzaji, namba, karatasi za tribinali, majina ya waliorithishana. Sisi mapadri twajua jambo hilo. Mfupa usio na barua yenye muhuri hauwekwi altareni. Tazama bastola nyingine ya namna ileile, iliyookotwa shambani Auvers-sur-Oise yapata mwaka 1960, imeoza kwa kutu. Husemwa kwamba ndiyo aliyojipigia mchoraji Van Gogh mwaka 1890. Hata waliouza hawakuthubutu kuapa, na juu ya hayo ilipata euro 162,500 mwaka 2019. Kwa maoni yetu, hapo watu walinunua labda.

Jambo linalotugusa zaidi ni lile alilofanya Rimbaud baadaye. Yule aliyepigwa risasi akawa mwenyewe mchuuzi wa silaha katika Afrika. Desemba 1885 aliwaandikia jamaa zake, bila haya, kwamba bunduki zilizotupwa na majeshi tangu miaka 40 zilipatikana Liège au Ufaransa kwa faranga 7 au 8, na kwamba Menelik, mfalme wa Shoa, aliuziwa kwa faranga kama 40. Mara tano! Ni kweli kulikuwa na ngamia wa kulipa, na jangwa, na kodi za njiani.

Alifika Shoa mwaka 1887 na bunduki zake. Menelik akazipokea zote, akapunguza bei, akakata tena kwa ajili ya madeni ya mshirika wa Rimbaud aliyekwisha kufa. Na hata zile zilizobaki hakumhesabia mkononi: alimpa barua, aende Harar akalipwe na Makonnen.