Umeme wa maji na jamii za Ruvuma

Umeme wa maji wa Ruvuma ni uzalishaji mdogo wa nishati safi katika mkoa huo wa kusini mwa Tanzania, ambao sehemu yake muhimu inamilikiwa na watu wa hapohapo.

Mfano ulio wazi zaidi ni Tulila. Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, waliokuwa tayari na mtambo mdogo wa kuendeshea shughuli zao, walijenga kituo cha megawati 5 kwenye Mto Ruvuma. Kilianza kazi mwaka 2015, na umeme wake huuzwa kwa TANESCO, shirika la umeme la taifa. Wakati huo mji wa Songea ulitegemea jenereta za dizeli, mafuta yakisafirishwa kwa malori kutoka mbali. Fedha iliyokuwa ikiishia kwenye matangi ya mafuta ikaanza kubaki mkoani, mikononi mwa shirika la masista linaloendesha huduma za jamii. Hapo ndipo ulipo uzito wa Tulila, kuliko hata megawati zenyewe.

Wilayani Mbinga, kampuni ya Andoya ilijenga mtambo wa takriban megawati 1 eneo la Mbangamao, nao huiuzia TANESCO.

Gridi ya Taifa ilifika Songea mwaka 2018 kupitia njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Lakini kwa wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, nguzo za umeme kupita kijijini hakutoshi: mkulima wa kahawa na mvuvi wa Mbamba Bay wanahitaji pia mashine za kukoboa, majokofu ya samaki na hisa katika mitambo ijayo.