Mapipa sita ya Booker Noe na ugomvi wa miaka mitatu

Mwishoni mwa 2023 watengeneza bia wa Goose Island waliifunga baa yao ya Mtaa wa Clybourn, Chicago, waliyokuwa nayo tangu 1988, wakahamia kwenye majengo yaliyowahi kuwa ya kampuni ya chumvi ya Morton. Biashara huhama, hilo si ajabu. Ajabu ni kwamba nyumba iliyozaa bia inayoigwa leo karibu kila penye mtambo wa bia imeachwa huku wahusika hawajakubaliana hata bia hiyo ilizaliwa mwaka gani.

Bia yenyewe inaitwa Bourbon County Stout. Aliyezoea Guinness ataujua ukoo wake mara moja: nyeusi, imepikwa kwa shayiri iliyokaangwa hadi kukaribia kuungua. Tofauti ni uzito. Kilevi chake siku hizi hufika asilimia 13 hadi 15, yaani mara mbili na ushei ya Guinness ya chupa inayouzwa Nairobi. Kisha hulazwa kwa miezi mingi ndani ya mapipa yaliyotoka kuhifadhi wiski, na baadhi ya matoleo yake huongezwa kahawa.

Bia nyeusi nzito za aina hii huitwa za kifalme kwa sababu ya London ya karne ya 18. Kiwanda cha Anchor kule Southwark, kilichokuwa cha Henry Thrale na baadaye Barclay Perkins, kilipeleka bia nzito Urusi, kwa Malkia Catherine wa Pili. Kampuni ya bia ya Courage ilikuja kuirithi bia hiyo, ikaacha kuitengeneza 1993. Waingereza wanaizika, Wamarekani wanaifukua.

Aliyefukua Chicago ni Greg Hall, mtoto wa John Hall mwanzilishi wa Goose Island. Masimulizi ya familia yanasema alikwenda kwenye karamu ya bia, wiski na sigara mjini South Bend, Indiana, akakutana na Booker Noe, mjukuu wa Jim Beam na bingwa wa kutengeneza wiski aina ya bourbon. Mazungumzo yakanoga. Hall alikuwa anatafuta kitu cha kusherehekea mara ya 1,000 kupika bia pale Clybourn, na akaomba mapipa. Akapewa sita.

Kwa Noe hiyo haikuwa zawadi ya kumtia hasara. Sheria ya Marekani inataka bourbon ilazwe kwenye chombo kipya cha mwaloni, kilichochomwa moto ndani. Pipa likishatumika mara moja, mwenye kiwanda cha bourbon hana kazi nalo tena. Huuzwa kwa watengeneza wiski wa Uskoti au wengineo. Lina ujazo wa karibu lita 200, na mbao zake bado zimelowa wiski. Bia ikilala humo, joto la kiangazi huisukuma ndani ya mbao na baridi huirudisha, ikitoka na harufu ya vanila, na nazi pia, ambayo mwaloni wa Kimarekani unayo kwa wingi.

Goose Island wanasema hayo yote yalitokea 1992. Mwaka 2022 walitoa toleo maalumu la kuadhimisha miaka 30. Lakini Josh Noel, aliyeandika habari za bia katika Chicago Tribune, alishafuatilia jambo hilo kwa ajili ya kitabu chake cha 2018 kuhusu kampuni hiyo, na ushahidi aliouokota ulimpeleka 1995. Ni mwaka huo bia ilipopelekwa kwenye tamasha kubwa la bia mjini Denver. Waamuzi waliipenda ila hawakuwa na kundi la kuiweka, ikaambulia kutajwa kwa heshima tu.

Mimi niko na Noel, na sababu yangu ni hesabu ndogo. Baa ilifunguliwa katikati ya 1988. Ili kufikisha mara 1,000 mwaka 1992, ingebidi wapike karibu mara tano kila wiki, bila kupumzika, tangu siku ya kwanza. Kwa baa changa iliyokuwa bado inawafundisha wateja kunywa bia isiyo ya kiwandani, hiyo ni kazi ya kupindukia. Miaka mitatu ni kitu gani? Kwa mnywaji, si kitu. Kwa kampuni inayouza chupa kwa kutaja umri wake, ni aibu kwamba hakuna aliyeandika tarehe kwenye daftari.

Kahawa iliingia 2010, na hii haina ugomvi. Kiwanda cha Goose Island cha Mtaa wa Fulton kilikuwa jirani na wakaangaji kahawa wa Intelligentsia. Kahawa hutiwa baada ya bia kutoka kwenye pipa, ili mwaloni usiimeze. Kwenye glasi ndogo, isiyo baridi sana, kinachotangulia puani ni kahawa iliyokaangwa karibuni. Wiski hufuata inapofika kooni, na utamu wa kimea hubaki midomoni kama asali nyeusi. Anayeinywa kwa pupa kama bia ya kawaida hataimaliza.

Chupa za 2015 ziliharibu sifa hiyo. Wanywaji walilalamika uchachu, na Januari 2016 kampuni ikakiri kwamba toleo la kahawa na jingine la mvinyo wa shayiri yameingiliwa na bakteria aitwaye Lactobacillus acetotolerans, asiyeogopa kilevi wala pipa. Fedha zikarudishwa. Miezi michache baadaye bia ya asili nayo ikaonekana imeathirika. Tangu hapo hupitishwa kwenye joto kali kwa muda mfupi kabla ya kufungwa. Wapo waliosema uhai umetoka, lakini walikuwa wanalilia uchachu.

Kabla ya hapo, 2011, kampuni kubwa ya bia ya Anheuser-Busch InBev ilikuwa imeinunua Goose Island kwa dola milioni 38.8. Foleni za wanunuzi siku ya baada ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani, ziliendelea, matoleo yakaongezeka.

Kuna jambo moja ambalo wanaoficha chupa za kahawa kabatini hawapendi kuambiwa. Bia ya pipa huzeeka vizuri, kahawa haizeeki nayo. Baada ya miaka michache harufu yake hupungua na kugeuka kama ya pilipili hoho mbichi.