Gozo: Kisiwa cha Mediterania chenye utulivu wa msimu

Katika ramani ya Bahari ya Mediterania, kisiwa cha Gozo huonekana kama punje iliyodondoka kusini mwa Sicily. Urefu wake ni kilometa 14, upana kilometa saba, na wakazi wake, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2021, ni wapatao 39,000. Ni kisiwa cha pili kwa ukubwa katika Jamhuri ya Malta, na wenyeji hukiita Għawdex, jina linalotamkwa takriban "Audesh". Hakuna ndege za abiria za ratiba zinazotua huko. Anayekwenda Gozo huvuka kwa chombo cha majini, na mlango huo mwembamba wa bahari, wenye upana wa kilometa tano hivi, ndio uliokikinga kisiwa hicho na pilikapilika zilizokwisha kukikumba kisiwa kikuu.

Hoteli zipo, lakini desturi ya wageni wengi ni kupanga nyumba nzima kwa wiki moja au mbili. Nyingi ya nyumba hizo si majumba mapya ya kifahari. Ni nyumba za wakulima za karne zilizopita, ziitwazo razzett, zilizojengwa kwa mawe ya chokaa yenye rangi ya asali. Zamani wanyama walilazwa chini na familia ikaishi juu. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 nyumba hizo zilianza kukarabatiwa kwa ajili ya wageni: zizi likawa jiko, na penye uwanda wa kupuria nafaka pakachimbwa bwawa la kuogelea. Msomaji aliyewahi kuingia katika nyumba za kale za Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja hatauona mpangilio wake kuwa mgeni: ukuta mzito upande wa njia, madirisha madogo, na ua wa ndani ambao ndio moyo wa nyumba. Familia mbili au tatu zikichangia kodi, gharama ya kila mtu huweza kushuka chini ya ile ya chumba cha hoteli. Vijiji vya Għarb na San Lawrenz upande wa magharibi, pamoja na Għasri, ndivyo vyenye ukimya zaidi. Xagħra na Nadur vina maduka na mikahawa mingi zaidi.

Hata hivyo, utulivu unaotangazwa una majira yake, na hapa ndipo wageni wengi hupotoshwa. Tangu Juni hadi Septemba kila kijiji husherehekea sikukuu ya mtakatifu somo wake, na baruti hulipuliwa kuanzia asubuhi hadi usiku. Ni sherehe za kupendeza, lakini mwenye mtoto mchanga hatazipenda. Katikati ya Agosti, karibu na sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni tarehe 15, Wamalta wenyewe huvuka kwa maelfu, foleni za magari kwenye kivuko hurefuka na joto hupita nyuzi 30. Mwezi Septemba wawindaji wa ndege huanza kufyatua bunduki alfajiri. Kuwinda ni jambo zito huko, hata kura ya maoni ya mwaka 2015 juu ya uwindaji wa majira ya kuchipua iliamuliwa kwa tofauti ndogo sana, wawindaji wakashinda. Miezi bora, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni Mei na nusu ya kwanza ya Juni, wakati mashamba bado yana kijani, au mwishoni mwa Septemba na Oktoba, wakati bahari bado ina joto la kiangazi na wageni wamekwisha kuondoka.

Kelele ya pili haina msimu, nayo ni ujenzi. Katika miaka ya karibuni majengo ya ghorofa yamechipuka pembezoni mwa vijiji, mara nyingi ukutani kabisa mwa nyumba za kale, na vumbi la mawe ya chokaa huingia kila mahali. Mwaka 2019 Bunge la Malta liliunga mkono kwa kauli moja kiungo cha kudumu baina ya visiwa viwili, mpango uliokusudiwa kuwa wa njia ya chini ya bahari. Haijachimbwa. Wapo wenyeji wanaoingoja ili waende kazini na hospitalini bila kutegemea hali ya hewa, na wapo wanaoamini kwamba siku itakapofunguliwa, Gozo itakuwa kitongoji tu cha kisiwa kikuu. Kwa mgeni, jambo la msingi ni kumwuliza mwenye nyumba kwa maandishi, kabla ya kutoa arubuni: je, kiwanja cha jirani kinajengwa, au kimeombewa kibali? Aulize pia kama nyumba imepewa leseni na Mamlaka ya Utalii ya Malta, na kama bwawa ni la nyumba hiyo peke yake au ni la pamoja.

Bwawa lenyewe linastahili neno. Malta haina mto wala ziwa la kudumu. Nyumba za kale zilichimbiwa birika la kuhifadhia maji ya mvua chini ya ua, liitwalo bir, kwa sababu tone halikuwa la kupotezwa. Leo zaidi ya nusu ya maji ya bomba hutoka baharini, yakiondolewa chumvi kwa mitambo inayokula umeme mwingi. Maji hayo ni salama, ingawa ladha yake huwafanya wengi wanunue ya chupa. Kila bwawa jipya la vila ni mzigo juu ya mitambo hiyo, jambo ambalo vipeperushi vya utalii havilitaji.

Anayetaka kutoka nje ya ua ana mengi ya kuona bila haraka. Mahekalu ya Ġgantija huko Xagħra yana umri wa miaka zaidi ya 5,000, yakizitangulia piramidi za Misri, na yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1980. Hadithi ya wenyeji husema yalijengwa na mwanamke jitu aliyekula kunde huku amembeba mwanawe. Huko Xwejni, pwani ya kaskazini, familia chache bado huvuna chumvi kiangazi katika mabwawa madogo yaliyochongwa mwambani. Lile tao maarufu la mwamba huko Dwejra, hata hivyo, halipo tena: lilianguka baharini katika dhoruba ya Machi 8, 2017. Tangazo la nyumba linalojinadi kwa picha yake ni la zamani, au mwenye nyumba hajali. Rasi ya maji ya buluu ya kisiwa jirani cha Comino ilisongwa na watu kiasi kwamba mwaka 2025 serikali ilianzisha utaratibu wa kuweka nafasi kabla ya kushuka.

Msemaji wa Kiswahili atapata starehe nyingine, ile ya masikio. Kimalta kilichipuka kutoka Kiarabu kabla ya kujazwa maneno ya Kiitaliano, hivyo bahari ni baħar, kitabu ni ktieb, dunia ni dinja na mauti ni mewt. Ufukwe mkuu wa kisiwa, Ramla l-Ħamra, maana yake ni mchanga mwekundu; mzizi huo wa mchanga ndio uliotupa neno ramli.

Ukimya wa Gozo umewahi kuwa wa aina nyingine. Julai 1551 majeshi ya majini ya Waturuki, wakiwamo watu wa Dragut, yaliizingira ngome ya Cittadella na kuwachukua utumwani takriban watu 5,000, karibu wakazi wote. Kwa miongo kadhaa baadaye waliohamia walitakiwa kulala ndani ya ngome, sheria iliyodumu hadi mwaka 1637. Ngome hiyo ingali imesimama juu ya mji mkuu, uliopewa jina la Victoria mwaka 1887, ingawa wazee huuita Rabat.

Malta ilijiunga na eneo la Schengen Desemba 2007, na hutumia euro tangu 2008. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya huhitaji viza, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, pamoja na bima ya afya ya safari isiyopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Aliye na kibali cha ukaazi cha nchi nyingine ya Schengen haombi viza tena kwa ziara isiyozidi siku 90. Magari huendeshwa upande wa kushoto, plagi ni za pini tatu kama zetu, na Kiingereza ni lugha rasmi. Kivuko kati ya Ċirkewwa na Mġarr huchukua dakika 25 hivi na hufanya kazi usiku na mchana. Wakati wa kwenda hakuna anayedai tiketi, kwani nauli hulipwa bandarini Mġarr wakati wa kurudi.