Kahawa ya Maraba: Utafiti Uliomfikia Mkulima

Tunapozungumzia utafiti wa vyuo vikuu, mara nyingi tunafikiria tasnifu zilizopangwa katika rafu za maktaba, zinazosomwa na wachache. Makala haya yanaeleza historia ya utafiti uliotoka maktabani na kuwafikia wakulima wa vilima vya Maraba, kusini mwa Rwanda. Historia hiyo inatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa.

Mibuni ya kwanza ililetwa nchini na wamisionari wakati wa utawala wa Wajerumani, ikapandwa Mibirizi mwanzoni mwa karne ya 20. (Hapa upatanisho wa kisarufi una kazi yake: mbuni huu ni mti, mbuni huyu ni ndege.) Katika miaka ya 1930 Wabelgiji walilazimisha kilimo cha zao hili. Kwa hiyo kahawa ilimfikia mkulima kama amri. Alipanda, alivuna na aliuza, lakini kinywaji chenyewe hakukijua. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa mauzo ya kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka. Miaka mitano baadaye yakatokea Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, na mashamba mengi yakabaki bila wenyewe. Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, kilichofunguliwa Butare mwaka 1963, nacho kilipoteza walimu na wanafunzi wengi.

Mwaka 1999 wakulima wapatao 220 wa Maraba, karibu na Butare, waliunda chama walichokiita Abahuzamugambi, yaani wanaounganisha nia. Miongoni mwao walikuwamo waliofiwa katika mauaji ya kimbari, na pia wanawake ambao waume zao walikuwa gerezani wakisubiri kesi. Watu waliokuwa na kila sababu ya kutotazamana usoni walihitaji kufanya kazi pamoja ili wale. Mwaka uliofuata uongozi wa Maraba ulikiomba chuo kikuu msaada.

Chuo kilifanya kazi hiyo pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo, ISAR, na mradi ulioitwa PEARL. Mradi huo uliongozwa na Tim Schilling, ulivihusisha vyuo vya Michigan State na Texas A&M vya Marekani, na uligharimiwa na shirika la misaada la nchi hiyo, USAID. Jambo la kuzingatia ni kwamba watafiti hawakuhitaji kuleta mbegu mpya. Kahawa ya wakulima wale, aina ya Bourbon, ilikuwa nzuri tangu mtini. Iliharibika baada ya kuvunwa, kwa kuwa kila kaya ilimenya na kuanika kwa namna yake, na mnunuzi alilipa bei ileile kwa nzuri na mbovu.

Dawa yake ilikuwa kituo cha kuoshea kahawa, kilichojengwa Maraba mwaka 2001. Kahawa iliyoiva tu ndiyo iliyopokewa, tena siku ileile ya kuvunwa. Zinazoelea majini ziliondolewa. Nyingine zilimenywa, zikachachushwa, zikaoshwa, zikaanikwa juu ya vichanja na kuchambuliwa kwa mikono. Mwaka 2002 kampuni moja ya Louisiana ilinunua kahawa hiyo, na mwaka 2003 ikauzwa katika maduka ya Sainsbury's nchini Uingereza. Mwaka 2000 Rwanda nzima ilikuwa na vituo viwili tu vya namna hiyo. Baada ya takriban muongo mmoja na nusu vilizidi 200. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kufanya mashindano ya kahawa bora yaitwayo Cup of Excellence.

Pamoja na mashine, watu walifundishwa kuonja. Tofauti hapo ni kubwa. Mkulima asiyejua ladha ya kahawa yake hupokea bei anayotajiwa. Anayeijua anaweza kuuliza kwa nini, na anaweza kubisha.

Hata hivyo kazi haikuisha. Kahawa ya Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki husumbuliwa na kasoro inayoipa harufu ya kiazi kibichi. Tatizo hili linahusishwa na mdudu aitwaye antestia, anayetoboa tunda. Buni moja tu yenye kasoro huweza kuharibu kikombe kizima. Kuanzia mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha vyuo vya umma, kilishirikiana tena na Michigan State kulichunguza tatizo hilo.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Mdudu huyo hajui mpaka wa nchi, lakini matokeo ya utafiti huandikwa zaidi kwa Kiingereza na Kifaransa. Mkulima wa Kivu, mfanyabiashara wa Bujumbura na mnunuzi wa Kigali wakikutana, Kiswahili ni miongoni mwa lugha wanazoweza kuzungumza pamoja. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Urasmi huo utakuwa na maana gani ikiwa hatuwezi kueleza kwa Kiswahili fasaha namna ya kuikinga kahawa na antestia?

Tena, miradi ina mwisho. PEARL ilimalizika mwaka 2006, na USAID yenyewe ilifungwa mwaka 2025. Ujuzi unaobaki ni ule ambao wenyeji wanaweza kufundishana kwa lugha wanayoielewa. Napendekeza wanafunzi wetu wa isimu wafike kwenye vituo vya kahawa, wakusanye istilahi za kazi hiyo kwa Kinyarwanda, wazitafutie visawe vya Kiswahili, kisha wavirudishe kwa watumiaji wavipime.

Waanze na kitenzi kimoja ambacho huwachanganya wanafunzi wetu kila mwaka. Kwa Kiswahili, kumenya ni kutoa ganda. Kwa Kinyarwanda, kumenya ni kujua. Maraba walihitaji yote mawili.